Mchemraba umegoma mwishoni: kutafuta kosa kwenye njia ya Roux

Anayejifunza njia ya Roux ya kutatua mchemraba wa Rubik hukwama karibu kila mara mahali pamoja. Matofali mawili yamekaa, kona nne za juu zimekaa, zimebaki kingo sita tu, na hapo ndipo mchemraba unapokataa. Mtu anarudi kwenye fomula za mwisho, anazisoma upya, anazirudia mpaka vidole vinauma, na hali ni ile ile. Nimewaelekeza vijana kadhaa na wapwa zangu wawili, na nilichoona ni kwamba kosa linaloonekana mwishoni kwa kawaida lilizaliwa hatua moja au mbili nyuma, wakati mtu yuko na furaha na haangalii. Ndiyo maana naanzia mkiani, kwenye malalamiko ninayoletewa zaidi, halafu narudi nyuma kuelekea chanzo.

Kwanza tuelewane maneno. Njia hii ilibuniwa na Mfaransa Gilles Roux mwaka 2003. Haijengi tabaka kwa tabaka kama njia ya Fridrich. Unajenga tofali la 1×2×3 upande wa kushoto, unajenga la pili kulia, unapanga kona nne za juu kwa fomula moja (hatua hii inaitwa CMLL), kisha unamaliza kingo sita zilizobaki kwa kuzungusha M na U peke yake. Wazo la kujenga vipande vinavyoshikana badala ya tabaka si geni. Msweden Lars Petrus alikuwa na njia yake ya namna hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Roux alichoongeza ni kuuacha mkanda wa kati wazi hadi mwisho, ili uwe kama uchochoro wa kupitishia vipande.

Herufi ni zile za kawaida: R kulia, L kushoto, U juu, D chini, F mbele, B nyuma. Alama ya ' ni kinyume cha saa, na 2 ni nusu mzunguko. M ni mkanda wa kati uliosimama. M unashuka ukiutazama kwa mbele, M' unapanda. r ndogo ni R ikiburuta na mkanda wa kati. Ukingo ulioko juu mbele ni UF, wa juu nyuma UB, wa chini mbele DF, wa chini nyuma DB, na kadhalika. Katika mifano yote nyeupe iko chini, buluu kushoto, nyekundu mbele.

"Kona tatu zina njano juu, moja haina"

Mpwa wangu aliingia siku moja na mchemraba mkononi. "Shikamoo mjomba. Huu umerogwa." Nikautazama: matofali mawili safi, juu kona tatu zinaonyesha njano, ya nne imegeukia pembeni. Sikuuliza fomula gani alitumia. Nilimuuliza, "Uliuangusha?" Akanyamaza kidogo, kisha akakubali: ulidondoka kwenye ngazi, vipande viwili vikaruka, akavirudisha mwenyewe.

Kwenye mchemraba mzima, idadi ya kona zenye njano juu kabla ya CMLL ni sifuri, moja, mbili au nne. Tatu haiwezekani. Ukiona tatu, acha kutafuta fomula: kona imepinduka kimwili, ama ulipoanguka, ama kwa sababu umelegea sana na kona imejigeuza mkononi bila wewe kujua. Iko dalili ya pili iliyojificha zaidi: kona moja tu ina njano juu, lakini zile tatu zilizobaki hazijageukia mkono mmoja. Hiyo nayo haiwezekani. Dawa ni kuishika kona yoyote ya juu na kuipindua kwa vidole hadi hesabu ikubali.

Mchemraba ukivunjwa wote na kupangwa upya bila kuangalia, nafasi ya kutatulika ni moja tu kati ya 12. Kwa hiyo ukikopa mchemraba wa mtu na ukagoma, mshuku mwenye mali kabla ya kujishuku wewe.

"Nahesabu kingo mbaya, napata tatu"

Kwenye kingo sita za mwisho kazi ya kwanza ni mwelekeo. Ukingo ni mzuri kama rangi yake ya njano au nyeupe inatazama juu au chini. Ikitazama pembeni, ni mbaya. Idadi ya kingo mbaya lazima igawanyike kwa mbili: sifuri, mbili, nne au sita. Ukipata tatu, tisa kwa kumi hujauona ukingo wa DB, kwa sababu umejificha nyuma chini. Kama umehesabu mara mbili ukiugeuza mchemraba na bado ni tatu, basi kuna ukingo uliorudishwa kichwa chini, na turudi kwenye hadithi ya ngazi.

Kanuni hii ya shufwa ina faida kubwa kuliko kukamata makosa. Huhitaji kuchungulia nyuma hata kidogo. Hesabu tano unazoziona: nne za juu, na DF, ambayo ukiinamisha mchemraba kidogo unaiona kwa mbele. Ukipata nne, ile ya DB ni nzuri. Ukipata tatu, ile ya DB ni mbaya. Ni nusu sekunde unayoiokoa kila mara, na nashangaa wengi hawaambiwi.

"Nilipanga mwelekeo wote, nikaunyoosha mkanda, ukaharibika tena"

Hapa senta, vile vipande vya katikati ya kila upande, ndizo za kuangaliwa. Tafsiri ya ukingo mzuri inafanya kazi tu kama senta ya juu ni njano au nyeupe. Kama mkanda wa kati umezunguka robo, senta ya juu ni nyekundu au ya chungwa, na kingo zote nne zilizoko kwenye mkanda zinasomeka kinyume: nzuri inaonekana mbaya, mbaya inaonekana nzuri. Wewe unahesabu, unafanya kazi yako, unaona njano na nyeupe zote zimekaa juu na chini, unafurahi. Halafu unazungusha M kuzinyoosha senta, na kingo nne kwa mpigo zinageuka mbaya.

Dalili ni hiyo hiyo kila mara: mbaya ni nne, zote ziko kwenye mkanda, UF, UB, DF na DB. Ukiziona zimejipanga hivyo, usianze kuhangaika na fomula ya kingo nne; fahamu tu kwamba ulihesabu senta zikiwa zimekaa upande. Jizoeze: mara tu CMLL inapoisha, macho yaende kwenye senta ya juu kwanza, kingo baadaye.

"Zimebaki mbili mbaya, sijui niziguse vipi"

Hapa ndipo watu wanapobeba orodha ndefu ya fomula kichwani bila sababu. Kuna hatua moja tu ya kuielewa: M' U M. Inagusa nafasi nne, UF, UL, UR na DF, na kila kipande kilichokuwa humo kinageuka mwelekeo. Kilichokuwa kibaya kinakuwa kizuri, na kizuri kinakuwa kibaya. UB na DB haziguswi.

Kwa hiyo ukiwa na mbaya nne, tatu juu na moja chini, na ya chini iko DF, zungusha U hadi ule ukingo mzuri wa juu ukae nyuma. Sasa mbaya zako ziko UL, UF, UR na DF kamili, na M' U M inazimaliza zote. Umbo hili tunaliita mshale. Mbaya ya chini ikiwa DB, geuza kioo: ukingo mzuri wa juu ukae mbele, na hatua ni M U M'.

Hali nyingine zote zinapelekwa kwenye mshale. Chukua mbili mbaya zinazotazamana juu. Zungusha U zikae UF na UB. Fanya M' U M. Ule wa UF umepona, lakini vitatu vizuri vilivyoguswa vimeharibika, na UB bado ni mbaya: jumla nne. Usishtuke. Angalia zilipo: UL, UF, UB na DF. Tatu juu, moja chini, mshale huo hapo, na ukingo mzuri wa juu uko UR. Fanya U' uende nyuma, kisha M' U M tena. Kwisha. Ukiandika mfululizo ni M' U M U' M' U M, lakini ukiikariri bila kuona mshale ukizaliwa katikati utaisahau wiki ijayo.

Shika mchemraba ujaribu mwenyewe hali ya sita mbaya na ile ya mbili zilizo chini. Zote zinafika.

"Kingo za pembeni zimekaa, ila zimebadilishana"

Baada ya mwelekeo, unatafuta ukingo wa njano-buluu uende UL na wa njano-kijani uende UR. Njia ya kawaida ni kuziteremsha zote mbili chini, DF na DB, kisha kuzipandisha kwa M2 na kumalizia kwa robo ya U. Kosa linatokea kwenye robo hiyo.

Kanuni: kabla ya M2, ukingo wa buluu uwe upande wa pili na kona za buluu. Kona zako mbili zikionyesha buluu kwa mbele, ukingo wa buluu uwe nyuma, DB. M2 inauleta UF, katikati ya kona zake, na U inawapeleka wote watatu kushoto. Kama ukingo uko mbele pamoja na kona zake, M2 inawatenganisha. Watu wengi hudhani rangi zikikaa pamoja ndiyo sawa, maana macho yamezoea hivyo. Dawa ni U2 kabla ya M2. Kama umeshamaliza ndipo ukagundua, si lazima kurudi mwanzo: U' M2 U2 M2 U' inazibadilisha.

Na kama huwezi hata kuziteremsha zote mbili? Moja ikiwa DF na nyingine iko juu, lete hiyo ya juu UB, kisha M' U2 M'. Zote mbili zitakuwa chini. Moja ikiwa DB, lete ya pili UF na ufanye M U2 M.

"Nazungusha M na U2 dakika nzima, hazimaliziki"

Zimebaki kingo nne kwenye mkanda na senta zake. Hapa wengi wanazungusha kwa kubahatisha, na kwa kuwa hali ni chache, bahati inakubali mara nyingi. Ubaya wake ni kwamba hujifunzi, na siku ya mashindano bahati inaweza kubaki nyumbani.

Nyoosha senta kwanza kwa M2 ikibidi, njano juu. Sasa kama haijaisha, ni moja kati ya mambo mawili. Ama ukingo mmoja tu uko sahihi na mitatu inazungukana, ama hakuna hata mmoja sahihi na zimebadilishana mbili mbili.

Mitatu ikizungukana: ukingo ulio sahihi ukiwa DF, fanya M U2 M' U2. Isipoisha, rudia mara moja zaidi. Ukiwa DB, ni M' U2 M U2. Ukiwa juu, ushushe kwanza kwa M2, fanya kazi, kisha upandishe.

Zikibadilishana mbili mbili kuna sura tatu. Za juu zimebadilishana na za chini zimebadilishana, UF na UB, DF na DB: M2 U2 M2 U2. Za mbele zimebadilishana na za nyuma zimebadilishana, UF na DF, UB na DB: M' U2 M2 U2 M'. Sura ya tatu ni ya mshazari, UF na DB, UB na DF, na hiyo ni jumla ya zile mbili: fanya moja, kisha nyingine. Ziko fupi zaidi, ila anayeanza hazihitaji.

Je, zimebaki mbili tu zimebadilishana, basi? Kagua kwanza kama U imekaa sawasawa juu ya matofali. Kama imekaa, vipande vimewahi kung'olewa na kurudishwa ovyo. Ng'oa hizo mbili, zibadilishe, endelea na maisha.

Senta ya buluu kwenye mkanda wa kati

Huyu ndiye mkosaji mkuu wa wale waliotokea njia ya tabaka. Wanajenga tofali la kwanza vizuri kabisa: ukingo wa nyeupe-buluu chini, jozi (kona na ukingo wake) ya nyekundu, jozi ya chungwa, rangi zote zinalingana. Ila senta iliyoko katikati ya tofali ni nyekundu, si ya buluu. Hawaioni kwa sababu macho yako kwenye vipande vinavyohama, na senta haihami. La pili linajengwa, kona zinapangwa, mambo yanaenda. Mwisho ndipo wanakuta mkanda hauwezi kukamilika kwa vyovyote, na wanalaumu hatua ya mwisho.

Hakuna fomula fupi ya kuokoa hapo, ni kubomoa. Lakini dalili iko wazi mapema ukijua pa kuangalia. Tofali likiwa la nyeupe-buluu, mkanda wa kati unatakiwa uwe na senta nne hizi: nyeupe, njano, nyekundu, chungwa. Ukizungusha M ukaona buluu au kijani ikipita mbele yako, simama pale pale. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waanze tofali kwa kutia ukingo wa chini kwenye senta yake, hata kama kuna jozi nzuri zaidi inayowaita kwingine. Wakishazoea, wataacha wenyewe.

"CMLL inanichukua muda kuliko kitu kingine"

Fomula za CMLL ni 42. Usianze nazo. Anza kwa awamu mbili: kwanza geuza kona zote zionyeshe njano juu, kisha zipange. Kwa kugeuza ziko sura saba, kwa kupanga mbili, jumla tisa. Njia ya Fridrich kamili inataka 57 za kugeuza na 21 za kupanga, kwa hiyo usijionee huruma.

Kuchelewa kwenyewe huwa si kwa fomula bali kwa kutambua. Wanaotoka Fridrich wanaangalia msalaba wa njano, na hapa hakuna msalaba. Kingo za juu ziko vyovyote. Fundisha macho kuona kona nne tu, kana kwamba katikati kuna shimo. Hesabu njano za juu. Sifuri ni sura iitwayo H au Pi: H ina jozi za njano pande mbili zinazotazamana, Pi ina jozi upande mmoja na nyingine mbili zimetawanyika kushoto na kulia. Moja ni Sune au ndugu yake, R U R' U R U2 R' au R U2 R' U' R U' R'. Mbili ni sura ya U, T au L (majina tu, si mizunguko).

Baada ya njano zote kupanda, angalia pande. Kama upande mmoja una kona mbili za rangi moja, uweke kushoto na ufanye R U R' U' R' F R2 U' R' U' R U R' F'. Kama hakuna upande wowote wenye kona zinazofanana, ni F R U' R' U' R U R' F' R U R' U' R' F R F', kutoka pembe yoyote. Kama pande zote zinafanana, umebahatika.

Tofali likivunjika katikati ya CMLL, usitafute fumbo. Umekosea mkono mmoja mahali fulani, na kwa kawaida ni F' iliyofanywa F.

"Nikijenga la pili, la kwanza linabomoka"

Tofali la kwanza likikaa, mikono yako ina ruhusa ya R, r, M na U. Hizo nne haziwezi kuligusa. Ukijikuta unafanya F, D au L, au unauzungusha mchemraba wote mkononi ili uone nyuma, umetoka nje ya njia, na utalipa.

Wanaobomoa wengi wanabomoa wakati wa kuweka ukingo wa DR, ule wa nyeupe-kijani, kwa sababu hawajui kuugeuza bila F. Ulete UF. Kama nyeupe inatazama juu, fanya U' R2. Kama nyeupe inakutazama wewe, fanya M' U R2. Mwisho wa habari. Ukishakaa, zilizobaki ni jozi mbili, moja mbele na moja nyuma.

Kama tatizo ni kutafuta vipande, punguza eneo la msako. Tofali la kwanza limeshachukua kingo tatu na kona mbili. Kingo za la pili ziko katika nafasi tisa tu zilizobaki, kona katika sita. Usiyoyaona kwenye uso wa juu, mbele na kulia yako nyuma au chini ya mkanda, na mzunguko mmoja wa U au M unayafichua. Anayepekua mchemraba pande zote sita kama anatafuta funguo gizani hajapata bado picha hiyo.

Tofali la kwanza, ambako muda unavuja

Nilipoanza kupima kila hatua kwa saa ya simu, wakati huo nikimaliza kwa sekunde 30 hivi, nilidhani ninapoteza muda kwenye CMLL. Kumbe tofali la kwanza peke yake lilikula zaidi ya sekunde kumi, na nusu ya hizo mikono ilikuwa imesimama. Pima na wewe, uache kukisia. Ukikuta tofali la kwanza linazidi theluthi ya muda wote, hapo ndipo pa kufanyia kazi, hata kama malalamiko yako ni ya hatua nyingine.

Chanzo cha kwanza ni kutumia vibaya muda wa kukagua. Kwenye mashindano ya World Cube Association unapewa sekunde 15 kabla ya kuanza, na wengi wanazitumia kutafuta ukingo mmoja na kuanza. Sekunde 15 zinatosha kupanga tofali zima: kingo tatu, kona mbili. Mwanzoni hazitatosha. Jifunze bila saa: tazama, panga kichwani, funga macho, fanya, fungua. Hata kama umechukua dakika mbili kutazama, umefanya mazoezi ya maana kuliko mara hamsini za kukimbia.

Chanzo cha pili ni kujenga kipande kimoja kimoja, kama mtu anayebeba mchanga kwa kijiko. Tafuta kwanza vilivyokwisha kushikana. Karibu kila mchemraba uliovurugwa una kona na ukingo viwili vilivyo karibu kuwa jozi, vinahitaji mizunguko miwili au mitatu. Jenga mraba wa 2×2 upande wa kushoto, yaani senta, ukingo wa chini, na jozi moja. Kisha jozi ya pili.

Chanzo cha tatu ni kung'ang'ania nyeupe-buluu kila siku. Ukikubali nyeupe au njano iwe chini, na upande wowote kati ya minne uwe kushoto, una matofali manane ya kuchagua badala ya moja, na moja kati ya hayo manane mara nyingi limeshajengeka nusu. Huu ni mzigo kwa miezi miwili ya kwanza, sikufichi. Macho yanachanganyikiwa, muda unapanda. Mimi niliacha mara mbili kabla haijanikaa. Kama lengo lako ni kumaliza chini ya dakika, baki na rangi moja kwa raha zako.

Njia hii ikifanywa vizuri kwa kawaida haifiki mizunguko 50, na wa Fridrich kwa kawaida huvuka 50. Lakini mizunguko michache iliyofanywa kwa kusitasita inashindwa na mingi isiyosimama, kwa hiyo kama unasimama kati ya tofali la kwanza na la pili, punguza kasi ya mikono ya la kwanza hadi macho yapate nafasi ya kuliona la pili likija.

Mkanda unakwama

Mwisho, kuna siku kosa si lako. Mkanda ukikatalia nusu njia, skrubu za senta zimekazwa kupita kiasi, au zimekazwa tofauti tofauti. Zilegeze robo mzunguko, zote sawa, ujaribu. Zikilegea mno kona zitaanza kujipindua zenyewe na utajikuta na njano tatu juu. Vumbi ni adui mkubwa kwenye mkanda, maana ndani ya Roux unasuguliwa kuliko kitu kingine chochote. Fungua, pangusa kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la mafuta ya silikoni. Usitie mafuta ya taa, vaselini wala dawa ya kulainishia kutu. Vitu vya petroli vinaweza kuharibu plastiki.

Na angalia unavyouzungusha. M' inakwenda vizuri kwa kidole cha pete cha mkono wa kushoto, kinaingia nyuma chini na kuvuta kuja kwako. M2 ni kidole cha pete kikifuatwa na cha kati, bila kuachia. Anayeusukuma mkanda kwa kidole gumba kutoka mbele anaupinda kidogo kila mara, na unakwama, na yeye anaenda kununua mchemraba mpya.